Kadi ya Ngassa

Jumanne asubuhi Ngassa alishindwa kula michembe ya viazi. Mkewe Esteria alikuwa ameichemsha mpaka ikalainika kiasi cha kuliwa na kibogoyo, lakini mdomo wa Ngassa ulifunguka kiasi cha kupitisha kidole kimoja, ukagoma hapo. Midomo ilikuwa imevutwa kando na meno yote yako nje.

“Unacheka nini wewe?” Esteria akamuuliza.

“Sicheki,” akajibu huku meno yamebanana. “Taya limekaza. Na shingo.”

Siku nane kabla ya hapo alikuwa shambani anang'oa miti ya pamba. Kila mwaka pamba ikishauzwa bwana shamba hupita akitisha watu kwa faini: miti yote ing'olewe, ichomwe, wadudu wasibaki. Na kila mwaka, kabla ya kung'oa, ng'ombe wa kijiji kizima hufunguliwa wakala majani yaliyosalia, kwa hiyo hakuna mahali mtu anakanyaga pasipo na mavi. Kisiki kimoja kilichokatwa mshazari kilitoboa katambuga ya tairi ya Ngassa kikaingia kwenye wayo. Kaka yake Zengo alikivuta kwa koleo, akamimina mafuta ya taa, akafunga na kipande cha khanga. Saa hiyo hiyo Ngassa alirudi kwenye mstari wake, akasifiwa kwamba ni mwanaume kweli. Kidonda kikafunga juu baada ya siku tatu na hakuna aliyekifikiria tena.

Esteria alikifikiria sasa. Aliinua mguu wa mumewe, akabonyeza wayo, Ngassa akakaza mwili mzima kuanzia shingo hadi visigino.

“Hii ni pepopunda,” Esteria akasema.

Zengo alikuwa mlangoni. Nyumba yake iko ng'ambo ya zizi, na hakuna jambo la nyumba ile aliloliacha lipite bila yeye. Alicheka.

“Shemeji, pepopunda ni ya vitoto vichanga. Huyu ana miaka thelathini na nane.”

“Kliniki wamenieleza mara tano. Inaingilia kwenye kidonda. Mkubwa, mdogo, wote.”

“Kliniki wanawaeleza ninyi kwa sababu ninyi ndio mnaozaa.”

Mama yao, bibi Ng'washi, alikuwa amekaa kwenye kigoda akimtazama mwanawe usoni. Huyu mama alizaa tisa na kuzika wanne. Mmoja wa hao wanne aliacha kunyonya siku ya saba, akakunja uso hivyo hivyo, akafa siku ya tisa.

“Nimeiona hii,” akasema taratibu. “Kwa mtoto wangu wa tatu. Uso ni huu huu.”

“Mayu, yule alikuwa kichanga,” Zengo akamjibu, kwa ile sauti ya upole ambayo wanaume hutumia wakitaka mama zao wanyamaze. “Hili ni jambo jingine. Mmesahau Januarius alimwambia nini pale mpakani?”

Hawakuwa wamesahau. Mwezi wa tano Ngassa na jirani yao Januarius waligombana juu ya hatua mbili za shamba, na Januarius akiwa amekasirika alisema, ipo siku huo mdomo wako utafungwa. Kila mtu alisikia. Watu hugombana mipakani kila msimu na kuambiana makubwa kuliko hayo, lakini sasa mdomo ulikuwa umefungwa kweli, na Zengo alionekana karibu kuridhika kwamba amepata maelezo ambayo hayahitaji kliniki.

“Aletwe nfumu,” akasema. Hakuuliza, alisema.

Mganga alikuja mchana huo na watu wawili wa ngoma. Akapewa mbuzi. Akamweka Ngassa katikati ya uwanja, juani, akawasha majani ya moshi, wale wawili wakapiga ngoma. Kila ngoma ilipolia, Ngassa alijipinda mgongo ukatoka ardhini, amebaki anashikilia chini kwa kisogo na visigino. Jasho lilimtiririka. Akili zake zilikuwa timamu kabisa. Alisikia kila kitu, na macho yake yalikuwa yanamtafuta mkewe.

“Mnaona?” Zengo akawaambia majirani waliokusanyika. “Linatoka hilo.”

“Mwacheni,” Esteria akasema. “Kelele zinamuumiza. Hamwoni kwamba ni kelele?”

Mwanamke mmoja akamvuta pembeni kwa upole. Mganga akasema huyu mama akiendelea kukatiza, dawa haitashika. Basi wakamtoa uwanjani kwake mwenyewe, wakamkalisha jikoni na mtoto mgongoni, na ngoma zikaendelea mpaka jua linazama. Jumatano zikapigwa tena. Siku mbili nzima mtu alipigiwa ngoma kwa ugonjwa unaotaka kimya, na waliompigia walikuwa watu wanaompenda. Mimi hapo ndipo hasira zinaponishika, kwa sababu adui ungemfukuza, lakini hawa utawafanyaje.

Alhamisi, kabla ya watu kuamka vizuri, Esteria alifunga mtoto mgongoni akaenda zahanati. Nesi Mektilda alikuwa anafagia mlangoni.

“Mwangaluka, mayu,” Mektilda akamsalimia, kisha akamtazama vizuri akaacha ufagio.

Esteria akamweleza kwa sentensi tatu. Mektilda hakungoja ya nne. Walifika nyumbani wakakuta mganga bado hajaja. Mektilda alipiga magoti, akamgusa Ngassa tumboni, tumbo gumu kama ubao, akamwambia kwa sauti ya chini, “Baba Gloria, usiongee. Tunakupeleka mjini.” Halafu akainuka akamgeukia Zengo, na huyu dada ambaye kijiji kizima kinamjua kwa upole akamuuliza kwa ukali.

“Tangu lini?”

“Juzi.”

“Juzi. Na zahanati iko wapi hapa, si pale? Si mnaliona bati lake?”

Zengo akaanza habari za Januarius. Wakati huo huo Januarius mwenyewe akatokea na bajaji yake ya kubebea mizigo, ndiyo pekee iliyokuwapo kijijini asubuhi ile. Esteria alikuwa amepita kwake kwanza, kabla hata ya zahanati. Januarius alikuwa ametandika godoro la nyumbani kwake nyuma ya bajaji na amefunga turubai jeusi juu, maana Esteria alimwambia mwanga unamsumbua mgonjwa.

“Mdogo wangu hapandi chombo cha huyu,” Zengo akasema.

“Basi mbebe mgongoni,” Esteria akamjibu, akaanza kumwinua mumewe mwenyewe. Januarius akashika miguu. Zengo alisimama amekunja mikono mpaka mama yake alipomwambia kwa Kisukuma neno moja ambalo hakuwahi kuambiwa tangu utoto, ndipo akashika mabega.

Barabara ya kuingia Bariadi ina matuta, na kila tuta lilimpinda Ngassa upya. Kwenye kituo cha mafuta walisimama dakika mbili. Kijana wa pampu akachungulia chini ya turubai, akatabasamu, akasema, “Mzee leo ana furaha.” Esteria akavuta turubai likafunika.

Hospitalini walimweka kwenye chumba chenye giza, mlango umewekwa kitambaa usigonge. Daktari Rodgers, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alifanya kila lililowezekana. Sindano ya kupambana na sumu ya ugonjwa ilichomwa, na nyingine za kulegeza misuli, na mpira ukapitishwa puani. Kisha akamtoa Esteria nje, kwenye benchi.

“Mama, huyu baba aliwahi kuchanjwa pepopunda?”

Esteria akafungua fundo la kitenge chake akatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kadi. Daktari akaisoma. Mistari mitano, tarehe tano, sahihi tano.

“Hii ni yako.”

“Ndiyo.”

“Ya kwake?”

Ya kwake ilikuwa nyuma ya hiyo hiyo. Kadi ya aina ileile, ina mchoro wa mama mjamzito kwenye jalada. Palipoandikwa jina la mama, neno mama limekatwa kwa kalamu ya bluu na pembeni yake pameandikwa Ngassa. Mistari yote mitano ilikuwa mitupu.

“Mbona haijajazwa kitu?”

“Alisema kesho,” Esteria akajibu.

Ilikuwa mwezi wa sita. Esteria alikuwa na mimba ya miezi saba na Ngassa alimsindikiza kliniki, kama wanavyotakiwa. Mektilda alimaliza kumchoma mama, akamgeukia baba aliyekaa kwenye benchi na wanaume wengine wanne, akamwambia, na wewe njoo nikuchanje, mikono yako yote makovu. Ngassa akainuka. Alikuwa mtu msikivu. Lakini zahanati haikuwa na kadi ya mwanaume, haijawahi kuletewa. Huko juu wanakopanga mambo hayo wameamua kwamba anayechomwa miiba, anayepigwa pembe, anayejikata kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe, ni mama mjamzito peke yake. Dawa zenyewe huletwa kwa hesabu ya wajawazito. Mektilda akachukua kadi iliyokuwapo, akakata neno, akaandika. Wanaume kwenye benchi wakaona mchoro wa jalada, na Zengo, ambaye naye alikuwa amemsindikiza mkewe, akauliza kwa sauti, “Ya miezi mingapi hiyo, mdogo wangu?”

Benchi lote likacheka. Ngassa naye alicheka, akakunja kadi, akaitia mfukoni, akasema, “Nitakuja kesho, dada, leo nina haraka.” Wiki nzima mnadani waliulizana kama Ngassa ameanza kutapika asubuhi. Kesho ile haikufika, na Esteria alipomkumbusha mara ya tatu alimfokea, kitu ambacho hakuwa na desturi nacho.

Daktari aliirudisha kadi polepole.

“Angekuwa na hizi,” akasema, “kile kisiki kingekuwa kisiki tu.”

Hakusema kwa ubaya. Lakini Esteria alibaki na sentensi ile kwenye benchi siku mbili, hana wa kumrushia. Jumamosi saa saba mchana Ngassa alipinda mara ya mwisho na pumzi haikurudi. Alikufa akiwa na fahamu zake, meno yake yako nje, mbele ya mgeni wa kitanda cha jirani ambaye alidhani mgonjwa amepata nafuu.

Mazishi yalipangwa Jumatatu. Jeneza liliwekwa chini ya turubai la plastiki, wanawake ndani, wanaume nje, na kaburi likaanza kuchimbwa kwenye kona ya shamba, palepale ambapo mistari miwili ya miti ya pamba ilikuwa bado haijang'olewa. Zengo alichimba kwa nguvu kuliko wote. Alikuwa pekupeku, suruali ameikunja, na sururu yake ilipogonga jiwe ikateleza ikamkwangua dole gumba la mguu, ngozi ikafunguka. Akachota udongo wa lile kaburi, akaushindilia kwenye kidonda damu iache, akaendelea.

Bibi Ng'washi aliona. Alikuwa ametoka kuchungulia shimo la mwanawe, na alirudi ndani akamwinamia Esteria sikioni.

Kwa desturi ya pale mjane hatoki kwenye mkeka mpaka aitwe. Esteria alitoka. Alipita katikati ya wanaume waliokaa, nywele wazi, khanga imeburuza, akafika ukingoni mwa shimo.

“Shemeji, toka humo.”

“Tunamalizia, mayu. Rudi ndani.”

“Toka nikuone mguu.”

Zengo akatoka, kwa aibu zaidi kuliko kwa utii. Esteria akautazama ule udongo uliochanganyika na damu. Alipoinua uso hakuwa analia.

“Dada Mektilda yuko wapi?”

Mektilda alijibu kutoka kwenye kundi la wanawake.

“Nenda kalete boksi lako la barafu, na sabuni. Dawa unazo?”

“Nina kichupa kimoja na nusu. Dozi kumi na tano. Lakini ni za—”

“Ni za wajawazito. Najua. Zilete. Kadi nazo.”

Thomasi, katekista, mtu mwema, akasogea na kitabu chake mkononi. “Mama Gloria, tumzike kwanza marehemu. Hayo mengine yatafuata. Jua linakwenda.”

“Marehemu hana haraka,” Esteria akasema. “Haraka ilikuwa Jumanne. Jumanne mlikuwa mnapiga ngoma.”

Mzee mmoja akaguna kwamba haijawahi kutokea, mwanamke kusimamisha mazishi. Esteria akamgeukia.

“Na mimi haijawahi kunitokea kuosha mume anayecheka. Nimemfunga taya kwa kitambaa mara mbili, likakataa. Wangapi hapa mlikuwa kwenye lile benchi? Mlicheka vizuri. Alipokufa alikuwa bado anawachekea. Hazikwi mtu hapa mpaka wote mlioshika jembe la kaburi hili mmechomwa sindano. Na kama hamtaki, fukieni shimo, nitamzika mwenyewe na mama yake.”

Bibi Ng'washi alitoka na kigoda chake, akakiweka kando ya jeneza, akakalia. Hilo ndilo lililomaliza ubishi. Mjane unaweza kumwita mwendawazimu, lakini mama aliyekaa na maiti ya mwanawe nani amwondoe.

Mektilda akarudi na boksi. Alimwosha Zengo dole kwa maji na sabuni kwa muda mrefu, akautoa udongo wote, watu wazima wakiangalia. Kisha akachukua kadi, akafungua kalamu, akakata neno mama.

“Jina.”

“Unalijua jina langu.”

“Nataka ulitaje.”

“Zengo,” akasema, na akatoa bega. Sindano ilipoingia alifumba macho. Alipofumbua, alimtazama Esteria. “Shemeji, nisamehe.”

“Sijakuchomea msamaha,” Esteria akamjibu. “Nimekuchomea kwa sababu mama hana machozi mengine, na mimi sitaki kuosha mwingine wa nyumba hii. Msamaha utasubiri.”

Wengine wakajipanga. Januarius alikuwa wa pili, akavua shati lote kama mtu anayekwenda kuoga. Hakuna aliyetania. Mektilda alikuwa anamwambia kila mmoja maneno yaleyale: hii ya leo peke yake haitoshi, mwezi ujao unakuja ya pili, baada ya miezi sita ya tatu, halafu mbili za mwisho, mwaka mmoja mmoja. Kila mmoja aliitikia kwa kichwa. Dawa ilikwisha kwa mtu wa kumi na tano na mstari ulikuwa bado na watu kama ishirini. Hao waliambiwa dawa itaagizwa. Ndipo Ngassa akazikwa.

Mektilda aliandika barua ya kuomba dawa na kadi za watu wote, si za wajawazito tu. Akajibiwa kwa simu kwamba takwimu zake zimezidi lengo la kijiji na aeleze ni kwa nini wanaume wamo kwenye daftari la kina mama. Alieleza. Akaambiwa aeleze tena kwa maandishi. Dawa zilikuja wiki ya nne, chache, na akatuma ujumbe kwa wote kumi na tano kwamba siku ya sindano ya pili imefika.

Walikuja wanne. Mwezi mmoja tu, na kaburi bado halijaota hata jani. Wengine walikuwa na mnada, mmoja alisema mbona bega la kwanza halijamuuma tena, mwingine alisema yeye tangu azaliwe hajawahi kuugua. Mektilda alifunga boksi saa nane. Esteria alikuwa amekaa pale kwenye benchi tangu asubuhi na mtoto, akiwahesabu.

Alichukua kadi ya Zengo kutoka mezani kwa Mektilda, ile yenye mama aliyekatwa na mstari mmoja uliojazwa. Akaichukua na ya Ngassa kutoka kwenye fundo lake. Akaenda shambani.

Zengo alikuwa anang'oa miti ya pamba, amechelewa, bwana shamba ameshamwandikia faini. Alikuwa amevaa katambuga. Esteria akapita kwenye mistari mpaka akasimama juu ya ule ambao Zengo alikuwa anaufuata, mbele ya mikono yake, asiweze kung'oa mti mwingine bila kumgusa.

“Mwadela, shemeji,” Zengo akasalimia bila kuinua uso.

Esteria aliinua mikono. Alimwonyesha kadi mbili, moja kila mkono.

“Najua, najua. Kazi imenibana, si unaona. Nitakwenda kesho.”

“Mdogo wako naye alisema kesho,” Esteria akasema.

Zengo alibaki ameinama na mti mmoja mkononi. Kisha akauweka chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akapita mbele yake kuelekea zahanati. Esteria alimfuata nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni, akamgongea Mektilda afungue tena boksi.